Umbo la protini yako: eksirei, NMR, darubini ya baridi kali au AlphaFold?

Mwanafunzi wa uzamili anayechunguza jeni ya kimelea cha malaria, au mtafiti anayetaka kujua kwa nini dawa fulani imeacha kuua, hufika mahali ambapo mfuatano wa herufi haumtoshi tena. Anataka kuiona protini yenyewe: imekunjwaje, dawa inakaa wapi, asidi amino iliyobadilika inagusana na nini. Akiuliza, atapata majibu yanayogongana. Mmoja atamwambia bila fuwele hakuna umbo la kuaminika. Mwingine atasema darubini mpya za elektroni zimekwisha kuzipita fuwele. Wa tatu atafungua kompyuta, abandike mfuatano, na baada ya muda mfupi amwonyeshe umbo lililopakwa rangi.

Wote wana hoja. Shida ni kwamba kila mmoja anaanza na chombo anachokijua, ilhali njia hizi kila moja ina swali lake inalolijibu vizuri. Anayechagua njia kabla ya kulitaja swali lake anaweza kumaliza mwaka mzima na fedha za mradi, kisha akabaki na picha nzuri isiyomsaidia. Kwa hiyo tuanze na swali, tuweke vigezo, ndipo tuzipime njia nne zinazotumika zaidi leo.

Tunaposema umbo, tunatafuta nini

Protini huanza kama mnyororo. Asidi amino za aina 20 hufungwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa kwenye jeni, na mpangilio huo ndio umbo la ngazi ya kwanza. Vipande vya mnyororo hujisokota kuwa heliksi za alfa, au hulala ubavu kwa ubavu kuwa tabaka za beta, vikishikiliwa na bondi za haidrojeni. Hiyo ni ngazi ya pili, ambayo Linus Pauling na wenzake waliieleza mwaka 1951, kabla mtu yeyote hajaiona protini nzima. Heliksi na tabaka hizo hukunjana pamoja, sehemu zinazokimbia maji zikijificha ndani na zinazopenda maji zikibaki nje, hadi mnyororo mzima unapata umbo la ngazi ya tatu. Minyororo kadhaa ikishikana ili ifanye kazi pamoja, tunafika ngazi ya nne. Himoglobini iko hapo: minyororo miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146, jumla 574.

Aina ya protini nayo ina uzito mkubwa katika uamuzi. Protini za nyuzi, kama kolajeni ya ngozi na kano, ni ndefu na haziyeyuki kwa urahisi kwenye maji. Protini za mviringo, kama vimeng'enya vingi na himoglobini, huyeyuka kwenye maji na ndizo rahisi zaidi kuchunguza. Protini za utando hukaa ndani ya mafuta ya utando wa seli na huharibika zikitolewa humo ovyo. Halafu kuna zile zisizo na umbo moja la kudumu, zinazobadilika muda wote, kama alfa-sinukleini yenye asidi amino 140 inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Hizi za mwisho watu wengi huzisahau wanapopanga utafiti, kisha hushangaa kwa nini fuwele hazitokei.

Swali la kwa nini mnyororo hukunjana vile unavyokunjana lilijibiwa kwa sehemu kubwa na Christian Anfinsen. Alichukua kimeng'enya cha ribonyukliazi chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa urea na kuvunja bondi zake nne za salfa. Alipoondoa dawa hizo, kimeng'enya kilijikunja chenyewe na kurudia kazi yake. Sisteini nane zinaweza kuungana jozi jozi kwa namna 105, na protini ikachagua ile moja sahihi. Maana yake maelekezo ya kukunjana yamo ndani ya mfuatano wenyewe. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1972, na ndiyo inayofanya utabiri wa kompyuta, ambao tutaufikia, uwe jambo linalowezekana.

Vigezo

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yaleyale. Kwanza, unahitaji kuwa na nini mkononi kabla ya kuanza: protini safi kiasi gani, iliyoandaliwaje. Pili, njia inapokea protini za aina na ukubwa gani. Tatu, inakuonyesha nini, na kwa ukali gani wa picha. Ukali hupimwa kwa angstromu, ambayo ni sehemu ya kumi ya nanomita. Namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi. Kwenye angstromu 2 mwelekeo wa kila asidi amino unaonekana vizuri. Kwenye 4 unafuata uti wa mnyororo, na mengine mengi unayakisia. Nne, njia inakuficha nini. Tano, gharama na mahali pa kuipata, hasa kwa aliye Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali. Mwisho, inamfaa nani.

Kigezo cha nne ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho kinachoachwa mara nyingi. Kila njia hujitangaza kwa inachoonyesha.

Fuwele na eksirei

*Unachohitaji.* Protini safi sana, kwa kawaida miligramu 5 hadi 20 kwa mililita, na subira. Njia inayotumika zaidi ni ya tone linaloning'inia. Unaweka tone la mikrolita moja au mbili kwenye kioo chembamba, nusu protini na nusu mmumunyo wa chumvi au polima, kisha unakigeuza kioo juu ya kisima chenye mmumunyo huohuo ukiwa mkali zaidi. Unaziba kwa grisi. Maji yanatoka kwenye tone polepole kama mvuke na kuingia kisimani, protini inazidi kubanana, na siku moja chini ya hadubini unaona kitu chenye kingo zilizonyooka kinachong'aa. Au unaona ukungu wa kahawia, yaani protini imeganda bila mpangilio, nawe unarudi kujaribu chumvi nyingine. Ndani ya fuwele nzuri molekuli zimejipanga kama machungwa mezani sokoni, safu juu ya safu, zote zikitazama upande mmoja, na ni mpangilio huo unaoifanya miale ya eksirei itawanyike kwa nukta zinazosomeka.

*Aina ya protini.* Ukubwa si kizuizi: kutoka insulini yenye asidi amino 51 hadi ribosomu nzima. Kizuizi ni utulivu. Protini yenye mikia inayopeperuka hukataa kujipanga, na za utando ni ngumu, ingawa zimefanikiwa nyingi.

*Unachokiona.* Picha kali kuliko zote kwa kazi za kila siku, mara nyingi angstromu 1.5 hadi 2.5. Dawa iliyokaa kwenye mfuko wake inaonekana, na molekuli za maji zinazoizunguka pia. Mfano unaotuhusu ni kimeng'enya cha kimelea cha malaria kinachoitwa DHFR, kinacholengwa na pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye SP. Tanzania iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa, na usugu ukaifuata. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand wakishirikiana na wenzao wa Uingereza walichapisha umbo la kimeng'enya hicho kutoka kwenye fuwele, cha kawaida na chenye usugu. Serini ya nafasi ya 108 ikibadilika kuwa asparajini, mkono wake mrefu zaidi unagongana na atomu ya klorini ya pirimethamini, na dawa haikai tena sawasawa. Umbo hilohilo lilionyesha kwamba dawa yenye mkia unaopinda ingeweza kulikwepa gongano hilo. Hapo ndipo fuwele inapostahili taabu yake: inakuambia atomu ipi inaigonga ipi.

*Kinachofichika.* Mwendo. Unapata wastani wa molekuli mabilioni zilizobanwa mahali pamoja, mara nyingi zikiwa zimegandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Sehemu zinazotikisika hupotea tu, na katika faili hukuti kitu mahali pake. Haidrojeni nazo huonekana kwa nadra. Kuna pia tatizo la awamu: kamera inarekodi nguvu ya kila nukta lakini si awamu ya wimbi lake, na bila awamu hakuna picha. Zamani lilitatuliwa kwa kuingiza atomu nzito kama za zebaki. Siku hizi wengi huanza na umbo la protini ndugu, au la kutabiriwa.

*Gharama.* Sahani za fuwele, chumvi na hadubini ya kawaida havitishi. Kinachotisha ni chanzo cha eksirei. Afrika haina hata sinkrotroni moja, yaani mtambo mkubwa unaozalisha eksirei kali sana. Habari njema ni kwamba fuwele zilizogandishwa husafirishwa kwenye chombo maalum chenye baridi ya nitrojeni hadi vituo kama Diamond, Uingereza, au ESRF kule Grenoble, Ufaransa, na mtafiti huendesha upimaji akiwa kwake kupitia intaneti. Muda wa kutumia mashine kwa kazi ya kitaaluma huombwa kwa andiko na kwa kawaida haulipiwi, mradi matokeo yachapishwe wazi. Diamond iliwahi kuwa na mpango uliopewa jina START mahsusi kwa kushirikiana na wanasayansi wa Afrika.

*Inamfaa* mwenye protini ya mviringo iliyotulia, anayetaka kujua dawa inakaaje, na ambaye atahitaji kupima dawa nyingi moja baada ya nyingine kwenye protini ileile. Ukishapata fuwele ya kwanza, ya hamsini ni kazi ya wiki.

Si ajabu kwamba zaidi ya robo tatu ya maumbo yaliyopatikana kwa majaribio na kuwekwa katika hazina ya PDB yametokana na njia hii. Hazina hiyo ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7. Sasa imepita 200,000.

NMR

NMR ni mashine inayosoma ishara za viini vya atomu vikiwa ndani ya sumaku kali.

*Unachohitaji.* Protini iliyoyeyuka kwenye maji, kama mikrolita 300 hadi 500, yenye ukolezi mkubwa, na ibaki nzima kwenye joto la chumba kwa siku kadhaa mashine ikisoma. Pia lazima iwe imekuzwa na bakteria waliolishwa nitrojeni-15, na kwa umbo kamili kaboni-13, atomu ambazo mashine inaweza kuzisoma. Amonia yenye nitrojeni-15 inavumilika kwa bei. Glukosi ya kaboni-13 inauma.

*Aina ya protini.* Ndogo. Kwa kawaida chini ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 25 hadi 30. Kubwa zaidi zinawezekana kwa mbinu maalum, ila hiyo ni kazi ya maabara zenye uzoefu.

*Unachokiona.* Protini ikiwa kwenye maji, ikitikisika kama inavyotikisika kazini. Karibu kila asidi amino, isipokuwa prolini na ile ya mwanzoni, hutoa nukta yake kwenye ramani. Ongeza dawa kidogo kidogo: nukta zinazosogea ndizo zilizo karibu na inapokaa dawa. Pasha joto: utaona kipande kipi kinakunjuka mwanzo. Kwa wanaochunguza kukunjana kwenyewe, au protini zisizo na umbo la kudumu kama alfa-sinukleini, sijaona njia nyingine inayotoa maelezo ya kiwango hiki. Kurt Wüthrich, aliyeonyesha katikati ya miaka ya 1980 kwamba umbo zima la protini linaweza kupatikana hivi, alipewa Nobel mwaka 2002.

*Kinachofichika.* Ukali wa jumla ni mdogo kuliko wa fuwele nzuri. Matokeo huja kama kundi la maumbo 20 hivi yanayolingana na vipimo, na anayetaka umbo moja tu la mwisho atakereka.

*Gharama.* Kubwa. Mashine ya protini kwa kawaida huanzia megahertz 600, sumaku ya tesla 14.1, inayotaka heliamu ya kimiminika isiyokatika. NMR za idara za kemia hutengenezwa kwa ajili ya molekuli ndogo. Zinaweza kukupa ramani ya awali, lakini umbo kamili ni nadra.

*Inamfaa* mwenye protini ndogo na swali la mwendo, la kukunjana, au la mshikano dhaifu.

Darubini ya elektroni ya baridi kali

*Unachohitaji.* Protini kidogo mno: mikrolita 3 tu kwa kila kichujio, yenye miligramu moja hivi kwa mililita. Kichujio ni duara la metali lenye upana wa milimita 3, lililotobolewa matundu madogo sana. Tone linawekwa, karatasi inalifyonza hadi libaki utando wa nanomita makumi machache, kisha mkono wa mashine unakichovya ghafla kwenye ethani iliyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Kasi ndiyo siri. Maji yakiganda polepole yanafanya fuwele za barafu zinazoharibu kila kitu; yakiganda ghafla yanabaki kama kioo, na protini inabaki ndani kama ilivyokuwa. Jacques Dubochet na kundi lake walilifanikisha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2017 alishiriki Nobel na Joachim Frank na Richard Henderson.

*Aina ya protini.* Kubwa, mikusanyiko, virusi na protini za utando. Chini ya kilodaltoni 50 hivi kazi inakuwa ngumu kwa sababu kompyuta haiwezi kuitambua molekuli moja moja ndani ya picha zenye chengachenga. Lakini kuna ujanja. PfCRT, protini ya utando ya kimelea cha malaria iliyoleta usugu wa klorokwini, ina kilodaltoni 49. Watafiti waliibandikia kipande cha kingamwili ili ionekane kubwa na iwe na alama ya kutambulika, na mwaka 2019 wakachapisha umbo lake kwa ukali wa angstromu 3.2. Kwa mara ya kwanza tuliona lilipo lile badiliko la nafasi ya 76, lisini kuwa threonini, ambalo katika maabara zetu limekuwa likipimwa kwa miaka kama alama ya usugu: liko kwenye ukuta wa uwazi ambao klorokwini hupitia.

*Unachokiona.* Umbo la mkusanyiko mzima, na mara nyingine maumbo mawili au matatu tofauti kutoka sampuli moja, kwa kuwa kompyuta inaweza kuzitenga molekuli kwa makundi. Kabla ya mwaka 2013 picha zilikuwa butu. Vihisi vipya vya elektroni vikabadilisha hali ndani ya muda mfupi. Februari 2020, majuma machache baada ya mfuatano wa jeni za virusi vya korona kutangazwa, umbo la protini ya mwiba wake lilikuwa limechapishwa kwa njia hii. Kwa kawaida ukali huwa angstromu 2.5 hadi 4. Rekodi ziko chini zaidi, ila rekodi usiipangie bajeti.

*Kinachofichika.* Ukali hautoshani ndani ya umbo moja: katikati ni kali, pembezoni ni ukungu. Faili litakuwa na atomu kila mahali hata ambapo ramani haina uhakika, na msomaji asiyefungua ramani yenyewe atadanganyika. Kwa molekuli ndogo ya dawa, angstromu 3.5 inaweza kukuambia ipo, bila kukuambia imegeukia wapi.

*Gharama.* Darubini kubwa za kilovolti 300 hugharimu mamilioni ya dola, mbali na umeme usiokatika, hifadhi ya data na kompyuta zenye kadi za michoro. Njia pekee ya kweli kwa maabara nyingi za ukanda wetu ni ushirikiano. Mtafiti aandae protini vizuri nyumbani, apime usafi na utulivu wake, ndipo asafirishe. Vituo vingi vimechoshwa na sampuli zinazofika zimegandana, na anayeleta sampuli nzuri hupata mlango.

*Inamfaa* mwenye protini kubwa au ya utando iliyokataa fuwele, na mwenye mshirika wa kweli nje.

AlphaFold na wenzake

AlphaFold ni programu ya kompyuta inayotabiri umbo la protini kutoka kwenye mfuatano wake.

*Unachohitaji.* Mfuatano wa asidi amino na intaneti. Kwa protini nyingi huhitaji hata kuendesha programu: hazina ya AlphaFold inayotunzwa na EMBL-EBI, Uingereza, ilifunguliwa Julai 2021, na mwaka uliofuata ilifikisha maumbo zaidi ya milioni 200. Kama yako haimo, ColabFold inafanya kazi ndani ya kivinjari.

*Aina ya protini.* Karibu yoyote yenye ndugu wengi katika hazina za mifuatano, kwa sababu programu hujifunza kutokana na asidi amino zinazobadilika pamoja kwenye historia ya mageuko. Protini isiyo na ndugu, na kingamwili zinaposhika shabaha yake, huipa shida.

*Unachokiona.* Umbo la ngazi ya tatu, mara nyingi karibu sawa na la majaribio. Katika CASP, shindano la kutabiri maumbo ya protini linalofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 1994, AlphaFold ya mwaka 2020 ilipata alama ya kati ya 92.4 kwa 100, kiwango ambacho hakikuwa kimekaribiwa. Demis Hassabis na John Jumper walipewa Nobel mwaka 2024 pamoja na David Baker wa usanifu wa protini. Jambo la kwanza la kutazama ni rangi. Kila asidi amino hubeba alama ya uhakika inayoitwa pLDDT: juu ya 90 iko vizuri sana, 70 hadi 90 uti wake unaaminika, 50 hadi 70 tia shaka, na chini ya 50, inayopakwa rangi ya chungwa, usisome chochote kwenye umbo hilo. Utepe wa rangi ya chungwa unaozunguka protini kama uzi uliotupwa hauna maana ya umbo. Mara nyingi unakuambia sehemu hiyo haina umbo la kudumu, na hiyo nayo ni taarifa muhimu. Kuna pia ramani ya pili, PAE, inayoonyesha kama mahali pa sehemu moja ukilinganisha na nyingine panaaminika. Sehemu mbili zinaweza kuwa na rangi nzuri kila moja na bado zikawa zimewekwa pamoja kwa kubahatisha.

*Kinachofichika.* Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tasnifu nyingi zinapokwama. Chukua selimundu, ugonjwa tunaouona sana Afrika Mashariki. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, glutamati ya nafasi ya sita imekuwa valini. Ipe AlphaFold mfuatano wa kawaida na ule uliobadilika, na maumbo mawili yatakayotoka yatakuwa karibu sawa. Haijakosea sana, kwani molekuli moja moja ya himoglobini ya selimundu haijakunjika vibaya. Madhara yako kwingine. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ile inayokimbia maji huingia kwenye mfuko mdogo wa molekuli jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, na molekuli zinaungana kuwa nyuzi zinazoipinda chembe nyekundu. Walioliona hilo walitumia fuwele za himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, zilizochapishwa mwaka 1975, ambamo molekuli zilikuwa zimejipanga kwenye nyuzi pacha kama zile za ndani ya chembe. Kwa hiyo anayesema "AlphaFold imeonyesha badiliko halina athari" amesoma kitu ambacho programu haikuulizwa. Haikutengenezwa ili ipime athari ya badiliko moja la asidi amino, na hutoa umbo moja hata pale protini inapoishi kwa kubadilisha maumbo.

Toleo la pili halina dawa wala ayoni ndani yake. Toleo la tatu, la Mei 2024, linaweza kuweka molekuli ndogo na DNA, lakini mahali lilipoiweka dawa pachukulie kama dhana ya kwenda kupima.

*Gharama.* Karibu bure.

*Inamfaa* kila mtu kama hatua ya kwanza, na mwenye swali la umbo la jumla kama hatua ya mwisho. Asasi ya BioStruct-Africa imekuwa ikiwafundisha watafiti wa bara hili kuzisoma alama hizo pamoja na njia za majaribio. Kozi zake zinafaa kufuatiliwa.

Kulingana na hali yako

Kama unataka tu kujua protini yako ni ya familia gani, vikoa vyake (sehemu zinazokunjana kila moja peke yake) viko wapi, au ukate wapi ili ikue vizuri ndani ya bakteria, AlphaFold inatosha. Angalia pLDDT, angalia PAE, kata sehemu za rangi ya chungwa, nenda maabara.

Kama swali ni dawa inakaaje na usugu unaingiaje, na protini ni kimeng'enya kinachoyeyuka, jaribu fuwele. Anza na utabiri, kwani utakusaidia kuchagua kipande na baadaye kulitatua tatizo la awamu. Andika ombi la sinkrotroni mapema, maana ratiba zake hupangwa miezi mingi mbele.

Kama protini ni ya utando au ni mkusanyiko wa zaidi ya kilodaltoni 100, tafuta mshirika wa darubini kabla hujaanza kusafisha. Muulize anataka sabuni ipi ya kuitolea protini kwenye utando, na ukolezi gani. Majibu yake yatabadilisha namna utakavyoikuza.

Kama protini ni ndogo na unashuku haina umbo la kudumu, au unataka kufuata inavyokunjuka, NMR ndiyo ya kuiombea fedha. Umbo moja lililoganda halitakusaidia.

Kama swali ni "je, protini niliyosafisha imekunjwa sawasawa, na badiliko hili limeidhoofisha?", hakuna hata moja kati ya hizi nne unayoihitaji kwanza. Tumia mashine ya qPCR, ya kuzidisha na kupima DNA, iliyopo kwenye maabara nyingi za kupima virusi. Changanya protini na rangi ya SYPRO Orange, inayong'aa inapogusa sehemu zinazokimbia maji, pandisha joto polepole, na usome kwenye joto gani mwanga unapanda. Linganisha ya kawaida na iliyobadilika. Tofauti ya nyuzi chache za Selsiasi inayojirudia ni jibu. Ukiwa na sampuli tayari, utaipata kwa siku moja.

Na kama imebaki miezi 6 kumaliza shahada na hakuna protini safi hata tone, usianze fuwele. Chukua utabiri, weka juu yake mabadiliko yanayojulikana katika ukanda wako, eleza wazi alama za uhakika za kila eneo unalolitaja, kisha upime mawili au matatu kati ya hayo kwa shughuli ya kimeng'enya au kwa joto la kukunjuka.